Vipande Vitatu vya Hariri Nyekundu

Juma lililopita nilikwenda soko la Mwanakwerekwe kutafuta kitambaa cha pazia. Mwanamke mmoja muuza mitumba alikuwa ndiyo kwanza anakata kamba za robota lake, na robota lilipofunguka ikanijia harufu ya naftalini, zile punje nyeupe za kufukuzia nondo, imechanganyika na harufu ya hariri iliyokaa siku nyingi bila ya kuona jua. Nikasahau pazia. Nilisimama pale nimeduwaa hata yule mwanamke akaniuliza, "Bibi, unachagua au nikuletee maji?" Nilikuwa nshafika mbali. Nilikuwa na miaka kumi, niko nyumbani kwetu Mkunazini, nimepiga magoti mbele ya sanduku la mama yangu, na mkononi nimeshika mkasi nisioruhusiwa kuugusa.

Nakusimulieni jambo hili kwa sababu sijawahi kumsimulia mtu lote kwa mpango wake. Wanangu wanajua nusu ya kuchekesha. Nusu nyingine nimekaa nayo mwenyewe.

Tulikaa katika nyumba kubwa ya mawe, yenye kuta nene na ngazi za mbao zilizokuwa zikilia kila mtu apitapo. Sisi tulikuwa chini. Juu yetu wakikaa Mama Kusum, mumewe aliyekuwa na duka la vitambaa Mlandege, na binti yao Kusum, ambaye tulisoma naye darasa moja. Walikuwa Wahindi, Mabaniani, lakini Mama Kusum alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kama chetu. Akigombana na muuza samaki ungedhani ni shangazi yangu. Baba yangu alikuwa seremala, akifanya kazi Mtoni, akiondoka alfajiri na kurudi jioni amejaa vumbi la mbao hata kwenye nyusi.

Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa mshonaji, lakini ole wako umwite fundi. "Fundi hushona anapotumwa," akisema, "mimi hushona ninapotaka." Akishona foronya za nyumbani, mapazia, vitambaa vya kufunikia sinia, na zaidi ya yote akishona mifarishi. Mfarishi ni shuka nene: juu viraka vya rangi rangi vilivyoungwa, chini kitambaa kimoja, na katikati sufi iliyotandazwa nyembamba, kisha vyote vitatu vikapitishwa mshono pamoja ili sufi isihame. Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo wetu alipokelewa na mfarishi wa mama. Dada yake wa Mtoni alikuwa na watoto saba na mifarishi saba, na mama akilalamika kwamba dada yake anazaa haraka kuliko uwezo wa charahani.

Viraka havitoki mbinguni. Kila Alkhamisi alasiri Mama Kusum alishuka na kikapu cha masalio ya vitambaa kutoka dukani kwa mumewe, na mama akatoa mfuko wake wa vipande vya kanga, kanzu kuukuu na nguo zetu zilizotubana. Wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja. Walimwaga kila kitu juu ya mkeka, wakakaa mkao wa kucheza karata, wakaanza kubadilishana, kimoja wewe, kimoja mimi. Na wakigombana! Niliwahi kuwaona watu wazima wawili wakivutana kitambaa cha maua ya bluu kisichozidi kiganja.

"Wewe una bluu tatu nyumbani," Mama Kusum akisema. "Nimeziona kwa macho yangu."

"Na wewe una moyo wa jiwe. Hii ni ya mtoto mchanga."

"Mtoto gani? Dada yako kajifungua mwezi uliopita!"

"Atajifungua tena. Humjui dada yangu?"

Wakacheka hata wakajifuta machozi, na kile kitambaa kikakatwa nusu kwa nusu.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya mapinduzi. Sisi watoto tulijua tu kwamba watu wazima wana sauti mbili, moja ya mlango ukiwa wazi na nyingine ya mlango ukifungwa. Tulijua kupanga foleni. Tulijua kwamba ukifika darasani ukakuta kiti cha mwenzako kitupu, humuulizi mwalimu. Mara kiti cha fulani, mara cha fulani, na mtaani mara dirisha hili halifunguliwi tena, mara lile. Kikapu cha Mama Kusum kikazidi kupungua uzito, kwani kwenye duka la mumewe rafu zilikuwa zinaonesha mbao zake.

Mwaka ninaousimulia, nyumba yetu haikutulia. Mama akishona asubuhi akafumua mchana. Nilimwona akiunga viraka sita, akivitazama, akivichambua uzi mmoja mmoja, kisha akiviunga vile vile kama vilivyokuwa. Ukimuuliza, anasema, "Mkono usio na kazi huokota maneno." Juu kulikuwa na nyayo zinazokwenda na kurudi, kutoka dirisha la barabarani hadi dirisha la uani, siku nzima. Mara unasikia kitu kizito kinaburutwa, mara kinaburutwa tena kurudi kilipokuwa. Mama akinyanyua uso kutazama dari, mguu wake unasimama juu ya pedali ya charahani, kisha anaendelea.

Katika hali hiyo mimi na Kusum tulikuja na letu. Tuliona tumekuwa wakubwa, nasi tuwe na mabadilishano yetu. Tukapatana kila mmoja amshonee mwenzake foronya ya viraka kwa mkono. Mimi nitampa yake siku ya Diwali, sikukuu yao ya taa, na yeye atanipa yangu siku ya Idi. Mwaka ule Diwali iliangukia siku chache kabla ya Ramadhani. Sharti lilikuwa moja, nalo lilitoka kwa Kusum: katika foronya lazima kiwemo kitambaa ambacho mwenzako hajawahi kukiona.

"Mimi nshakipata changu," akanambia ngazini, akiwa na uso wa mtu anayetafuna peremende mbele ya mwenye kufunga. "Ukikiona utalia."

Sikupata raha tangu siku hiyo. Nilikuwa na nini mimi ambacho Kusum hajakiona? Kanga za mama alizijua zote na majina yake. Sare za skuli alivaa kama zangu. Nilipekua mfuko wa vipande mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Nilimwomba mama mdogo wa Mtoni akanipa kipande cha shati la mumewe kilichokuwa na doa la chai. Nilikuwa nakaa kula sili, nakaa kusoma sisomi. Macho yangu yanakwenda kwenye mapindo ya nguo za watu barabarani.

Siku moja Mama Kusum akashuka, na haikuwa Alkhamisi. Alibeba bunda lililofungwa kwenye shuka jeupe. Mama akanitazama mara moja tu, akasema, "Raya!"

"Naam, mama."

"Kachukue uzi mweupe dukani."

Uzi mweupe tulikuwa nao, lakini sikubisha. Niliporudi, bunda halikuwepo, na wale wawili wamekaa mkekani bila ya vitambaa mbele yao. Mama Kusum alikuwa ameshika mkono wa mama kwa mikono yake miwili. Hilo halikunishughulisha. Lililonishughulisha ni bunda.

Kabla ya wiki kwisha mama mdogo wa Mtoni alijifungua, kama mama alivyotabiri, na mama akaenda kumtazama asubuhi na mapema na mfarishi wa nane chini ya kwapa. Nyumba nzima ikawa yangu. Sanduku la mama lilikuwa la mvule, limepigwa misumari ya shaba, na kufuli lake lilikufa zamani; lililolilinda lilikuwa ni woga wetu tu. Nilifungua. Harufu ya naftalini ikanikaba. Chini kabisa, chini ya kanzu ya harusi ya baba, lilikuwepo lile shuka jeupe, na ndani yake sari.

Wenzangu, sijui niielezeje. Ilikuwa hariri nyekundu ya komamanga lililopasuka, na pindo lake limefumwa nyuzi za dhahabu, ndege na maua, ndege na maua, ncha hadi ncha. Nilipoinyanyua ikateleza kama maji. Nikajua papo hapo kwamba Kusum hajawahi kuiona. Ingekuwa kaiona asingenyamaza.

Nilijiambia nitakata kipande kimoja, cha kiganja, pembeni, hapatojulikana. Mkasi wa mama ulikuwa mkubwa kuliko mkono wangu na hariri inakimbia. Kipande cha kwanza kikapinda. Nikakata cha pili kukisahihisha cha kwanza. Cha pili nacho kikawa kidogo. Cha tatu ndicho kilichotoka sawa, na kwa kuwa vitatu vilikuwa vizuri kuliko kimoja, nikavichukua vyote. Nikaikunja sari kama ilivyokuwa, mashimo ndani. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na huku nafurahi. Nasema kweli. Nilifurahi sana.

Foronya ile niliishona kwa siku tisa, nikijificha nyuma ya tangi la maji uani. Nilijidunga vidole hata mwalimu akaniuliza kama nimeshika mti wa miiba. Vile vipande vitatu nilivitia katikati, vimezungukwa na kanga na lile shati la doa la chai, vikawaka kama makaa.

Asubuhi ya Diwali nikapanda ngazi. Huko juu kulinukia samli na iliki, Mama Kusum amepanga ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, kwenye sinia kama kila mwaka, lakini kuta zilikuwa tupu, picha zimeondolewa. Kusum akaifungua foronya. Akapiga ukelele, akaikumbatia, akakimbia kumwonesha mama yake, ambaye yeye akimwita Ba. "Ba, tazama! Tazama nyekundu hii!"

Mama Kusum aliichukua. Akaitazama, kisha akapitisha kidole juu ya kile kipande cha kati, taratibu, akifuata bawa la ndege wa dhahabu. Nilisubiri asifu.

"Raya, mwanangu," akasema, "umekipata wapi hiki?"

Nilimwangalia machoni, na hapo hapo nikajua, kwa namna watoto wanavyojua bila ya kuambiwa, kwamba sari ile ni yake. Ulimi wangu ukatangulia.

"Mama ndo alonipa."

Akatikisa kichwa kuitikia, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Akanipa ladu mbili kwenye karatasi. Akaniambia nimsalimie mama.

Kesho yake, Alkhamisi, hakushuka. Mama alitandika mkeka, akamwaga vipande, akangoja. Mara anatengeneza rundo hili, mara lile. Adhana ya Alasiri ikapita, akatuma salamu kwa mpita ngazi, zikarudi salamu tupu. Siku ya pili akapika mkate wa kumimina, akapanda nao mwenyewe. Nilimsikia akigonga, akiita kwa sauti ya kucheka, kisha kwa sauti isiyocheka. Ndani nyayo zilikuwa zinakwenda na kurudi. Mlango haukufunguliwa. Akashuka na mkate wake.

"Kanionaje Mama Kusum?" alimuuliza baba. "Nimemkosa nini?"

"Watu wana mashaka yao siku hizi," baba akajibu. "Mwache."

"Ana mashaka ndo nimwache?"

Na mimi nimekaa pale. Mkate ule nilipewa mimi, nikaumeza kama mchanga. Mara tatu nilifungua mdomo niseme, na kila mara mama akanyanyua uso kwa huzuni ile, nikaufunga. Nilikuwa siwezi kukaa ndani wala nje. Nilikwenda uani, nikarudi; nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa; mama akasema, "Mtoto huyu ana mdudu gani?" akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa.

Siku ya tatu akaja Kusum. Hakunitazama. Akasimama mlangoni, akasema kama anayesoma ubaoni, "Shikamoo. Mama anasema anaomba mzigo wake."

"Marahaba," mama akasema, akaweka sindano chini. "Mwambie nampandishia sasa hivi."

Alifungua sanduku mbele yangu. Akalitoa lile bunda, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kurudisha kitu kikiwa safi, akalifungua ili aikung'ute sari naftalini na kuikunja upya. Ikamteleza mikononi, ikafunguka, na mwangaza wa dirishani ukapita kwenye mashimo matatu.

Mama hakupiga kelele. Aliketi juu ya ukingo wa kitanda, sari mapajani, akatia vidole vyake kwenye shimo moja.

"Raya."

"Naam."

"Hii ni amana. Unajua amana ni nini?"

Nilianza kulia.

"Usilie, nijibu. Alipoiona, alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nlimwambia wewe ndo ulonipa."

Nilitegemea kofi, na wallahi ningelipokea kwa shukrani. Mama alifumba macho. Kisha akajitupia buibui, ingawa tulikuwa tunapanda ngazi tu, akaikusanya sari, akanishika kifundo cha mkono, tukapanda.

Aligonga mara moja, akasema mlangoni, "Mama Kusum, mimi sina la kusema. Huyu ndo mwenye maneno. Mfungulie yeye."

Mlango ukafunguliwa. Chumba kilikuwa na mizigo miwili midogo na godoro lililokunjwa. Mama akanisukuma mbele. Nilisema yote, tangu sanduku hadi uongo, kwa kwikwi, nikitazama vidole vya miguu ya Mama Kusum. Nilipomaliza nikasikia sauti nisiyoitarajia: Mama Kusum anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na mara akaketi sakafuni pale pale.

"Mtoto," akasema. "Kumbe mtoto."

"Ntaitia viraka," mama akasema haraka. "Natafuta hariri, namwendea kila mtu mjini, haitojulikana."

"Mimi na wewe tutajua." Mama Kusum aliitandaza sari sakafuni, ikajaza chumba. Aliitazama mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo niliposikia, na mimi nimekaa pembeni nimesahauliwa, kwamba wanaondoka Jumatatu. Kibali cha kusafiri kilisema wanakwenda Dar es Salaam kumuuguza bibi yake Kusum, wiki mbili. Mtu anayekwenda kuuguza hachukui sari ya harusi. Ingekutwa mizigoni ingesema yale ambayo wao hawakuyasema, kwamba wanahama. Ndiyo maana aliishusha kwetu.

"Nikaona nikiwa huko," akasema, "angalau nitajua iko wapi."

"Na itakuwepo," mama akasema. "Mwaka, miaka kumi, itakuwepo."

Mama Kusum akanyoosha mkono. "Lete mkasi."

"Usifanye hivo."

"Lete, Bi Zuhura."

Mama alitoa mkasi mfukoni, ule ule. Mama Kusum akaushika, akaukaza, na akakata sari yake katikati, pindo hadi pindo. Sauti ile ya mkasi ndani ya hariri ndiyo niliyoisikia maisha yangu yote kuliko maneno yoyote. Hakulia. Mama yangu ndiye aliyelia.

Kwa siku mbili walishona mfarishi. Mama alileta charahani juu, baba akaibeba. Walichanganya vipande vyekundu na kanga kongwe na masalio ya dukani, na lile pindo la dhahabu wakalilaza kwa ndani, pamoja na sufi, pasipoonekana. Hawakugombania kitambaa hata kimoja. Adhabu yangu ilikuwa kuchambua sufi, nami nilichambua mpaka pua na kope zikawa nyeupe. Kusum alikaa upande wa pili wa chumba na hakusema nami. Wanawake wale walikuwa hawatulii: huyu ananyanyuka kutazama dirishani, huyu anasimamisha mguu kusikiliza ngazi, kisha charahani inakimbia tena kama inayofukuzwa.

Jumatatu asubuhi tukawasindikiza wote watatu bandarini. Kijana mmoja wa forodha alifungua mizigo yao, akatoa nguo moja moja, akafika kwenye mfarishi. Akaubinya. Akaukunjua. Akaubinya tena.

"Huu wa nini?"

"Wa mgonjwa," Mama Kusum akasema. "Ana baridi."

"Baridi? Dar es Salaam?"

Watu waliopanga foleni nyuma wakacheka. Kidole chake kilikuwa kinafuata mshono, na mimi nilijua kabisa kidole kile kiko juu ya nini. Mama yangu akasogea.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mgonjwa wa miaka themanini hana baridi ya Dar es Salaam wala ya Unguja. Ana baridi yake mwenyewe. Bibi yako yu hai?"

Kijana alimtazama. "Yu hai. Yuko Makunduchi."

"Basi ukenda Makunduchi mguse miguu."

Akasita. Kisha akaukunja mfarishi, tena vizuri, akaurudisha. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Mungu akuweke."

Kusum alinijia pale walipoitwa. Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami tangu Diwali. "Yako sijaimaliza," akasema. "Ntakuletea." Nikamjibu, "Usisahau." Nyuma yetu mama zetu walikuwa wamekumbatiana na hawakutuangalia.

Idi ikaja, nikangoja foronya. Nikangoja na Idi Kubwa. Wakaja watu wengine juu, watu wema, wasioshona. Alkhamisi mama aliendelea kutandika mkeka kwa muda, akichagua kimoja huku, kimoja huku, akijichezea peke yake pande zote mbili, mpaka siku moja hakuutandika tena. Ilipita zaidi ya miaka miwili ikaja barua isiyo ndefu kutoka mji wa mbali, wenye baridi ya kweli, na mama akaisoma akasema, "Alhamdulillahi, mfarishi unafanya kazi."

Kwa miaka mingi kisa hiki kwangu kilikuwa hivi: niliharibu sari ya watu, nikasema uongo, nikasamehewa, na kwa bahati njema maovu yangu yakasaidia sari ile kuvuka. Nilikisimulia hivyo kwa wanangu, na wakicheka kwenye sehemu ya sufi puani.

Nilipoolewa na kuhamishwa kikazi mara ya kwanza, nilifunga vyombo vyangu, na vile nilivyovipenda zaidi nikavipeleka kwa jirani. Nilipokuwa nafunga fundo la shuka ndipo nilipoelewa. Mtu anayeacha kitu chake kipenzi kwa jirani anajiwekea njia ya kurudi. Mama Kusum aliishusha sari yake chini akiwa na nia ya kuja kuichukua, hata kama ni baada ya miaka. Kisha ikapita siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, yuko juu anakwenda na kurudi, anaamini kwamba jirani yake wa Alkhamisi naye ni miongoni mwa wale wanaongoja watu waondoke ili wagawane vyao. Tena jirani huyu hata kungoja hakungoja, ameanza kukata na mwenye sari bado yupo. Ukweli wangu ulipofika ulimwondolea donda, lakini katika siku tatu zile alikuwa ameshaaga moyoni, hana tena nia ya kurudi. Ndiyo maana aliweza kuukaza mkono kwenye mkasi.

Nilimuuliza mama, naye alikuwa mzee wakati huo. Nilimuuliza waziwazi kama wangerudi lau nisingesema lile neno.

Alipapasa ukingo wa shuka.

"Kurudi na kutorudi ni kwa Mungu," akasema. "Wengi walioondoka hawakurudi, nao hawakukatiwa kitu. Hilo usijibebeshe." Kisha akanitazama kwa macho yale yale ya ukingo wa kitanda. "Lakini zile siku tatu, Raya, zile ni zako."